Jumapili za Kufunga Macho

Wiki jana mwanangu aliniambia, "Mama, funga macho, ufungue mkono," na mimi nikauliza kwanza, "Kwa nini?" Mtoto wa miaka saba! Wewe unanijua, mimi nashuku hata chai niliyojipikia mwenyewe. Nikafunga jicho moja, la pili nikaliacha wazi kidogo, nikamwona akinitilia mkononi twiga mdogo wa mpingo aliyemtoa kwenye kabati la nyanya yake. Twiga wa Baba. Ikabidi nikae, maana mtu wa mwisho kuniambia nifunge macho alikuwa ni yeye.

Tulikaa mtaa wa Mowlem, kwenye ploti ya mabati yenye milango kumi na bomba moja. Baba alikuwa mchongaji wa vinyago sokoni Gikomba, kazi aliyokuja nayo kutoka Ukambani, na jioni alirudi na vumbi la mti kwenye nyusi na harufu ya rangi ya viatu, ile waliyong'arishia tembo na twiga. Mama alifulia watu nguo. Kaka yangu na mimi kazi yetu ilikuwa kuchota maji na kugombana. Jumapili baada ya kanisa wazazi walilala, sisi tukacheza vumbini hadi tukaitwa kuoga.

Nilipofika darasa la tano Baba akabadilika. Ghafla tu, akaanza kututembeza kila Jumapili, tena kwa masharti. Kutoka langoni mpaka daraja la kwanza hakuna kusema. Ni kutembea polepole na kuangalia. Darajani anauliza, "Umeona nini?" Ukisema umeona mama anachoma mahindi, hatosheki. Yuko upande gani? Mbele yake kuna mtaro? Mtaro una kifuniko? Nyumbani nako akaleta desturi nyingine: kabla ya kula tunafunga macho wote wanne, tunanusa, kisha mmoja anasema kilicho kwenye sahani. Muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, hata aliye na mafua anaujua, lakini Baba alitaka tuseme kama Mama ametia kitunguu. Akimaliza hapo anatutia vipande vya mti mkononi, mpingo mzito na baridi, muhugu wenye manukato. Kaka akibahatisha, Baba anasema, "Haraka hukata kidole."

Kaka alifurahia. Mimi nilishuku. Mwanaume gani wa Mowlem anaacha usingizi wake wa Jumapili aende kunusanusa na watoto? Jirani wetu wa mlango wa pili, aliyeuza sukuma wiki na habari za watu, alinimaliza kabisa. "Mwanaume akianza kupenda watoto ghafla hivyo, jua kuna kitu anaficha," aliniambia akikatakata mboga. "Dalili ya mvua ni mawingu, mama."

Basi nikaanza kuyatafuta mawingu, na nikayaona. Tukivuka barabara Baba alinishika bega, yeye ambaye zamani alitangulia mbele na kutuita tuharakishe. Tukipanda ngazi, midomo yake ilicheza kama anayehesabu. Siku moja pale mtaa wa Umoja alisimama mbele ya koti la mtumba lililotundikwa mlangoni mwa kibanda akasema kwa heshima zote, "Habari ya leo, mzee?" Woi! Tulicheka mpaka tukakaa chini. Yeye akacheka kutushinda, na mimi nikajiambia, huyu anajifanya.

Halafu kulikuwa na mtaa wa Kware. Matembezi yetu yote yaliishia huko, kwenye ghorofa moja iliyobanana na nyingine mpaka nguo za majirani zinagusana. Baba alitununulia mandazi, akatuketisha kwenye ngazi ya chini, akapanda peke yake. "Nasalimia mtu," alisema. Mtu gani? Alikaa huko mpaka mandazi yakaisha na kaka akaanza kulamba karatasi. Akishuka alikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona akitoka Gikomba. Njia nzima ya kurudi nilimtazama kisogo nikiwaza: anatuacha. Ana nyumba nyingine hapa juu, na siku moja atapanda ngazi hizi asishuke.

Jumapili ya nne nikavua viatu nikapanda. Orofa ya tatu mlango mmoja ulikuwa wazi kidogo kwa sababu ya joto, nikachungulia. Baba alikuwa ameketi mezani, na mwanamke ameketi karibu naye, ameishika mikono yake miwili. Baba alikuwa amefumba macho na anatabasamu. Ni lile tabasamu lililoniua.

Nilimwambia Mama jioni hiyohiyo, akiwa bombani na wanawake wa ploti. Sikunong'ona, nilikuwa nimebeba jambo lile kutoka Kware na lilikuwa limenielemea. Mama aliacha ndoo ifurike, akaenda kusimama mlangoni petu. "Baba watoto! Toka hapa nje! Huyo mwanamke wa Kware unayeshikana naye mikono ni nani?"

Milango yote kumi ikafunguka. Baba akatoka, mkono wake ukipapasa fremu ya mlango, na ndipo kwa mara ya kwanza nilipouona ule mkono ukipapasa. "Ni mwalimu," alisema. "Haoni, na anawafundisha wasioona kusoma kwa vidole. Macho yangu yanaisha, mama watoto. Nilikuwa nataka nijifunze kila kitu kwanza, halafu niwaambie bila kuwatisha."

Mama akalia. Jirani wa mlango wa pili akasema "pole" na siku ya pili akaanza kusambaza. Kabla wiki haijaisha mnunuzi wa Baba kule Gikomba alikuwa amesikia. Kazi ya Baba haikuwa imeharibika hata kidogo. Kwa miezi alikuwa anachonga kwa vidole na hakuna aliyejua. Lakini sasa mnunuzi aligeuza kila twiga juu chini akitafuta kasoro, na mtu akitafuta kasoro haikosi. Akamnyang'anya mpingo, akampa vijiko vya wachongaji wengine avipige msasa. Hiyo ndiyo ikawa kazi ya Baba mpaka mwisho. Na mimi ndiye niliyefungua mdomo.

Nilitamani anichape. Haki ya Mungu, nilingojea kiboko kama mtu anavyongojea mvua. Jumapili iliyofuata aliniita tu langoni, akanipa mkono. "Njoo wewe mwenye macho makali, uniongoze." Nikamwongoza mpaka daraja la kwanza. Pale akauliza kama kawaida, "Umeona nini?" Nikasema, "Sijaona kitu, Baba." Akangoja kidogo, kisha tukaendelea. Nilimjibu hivyohivyo kila Jumapili mpaka nikakua, nikapata visingizio vya kutokwenda.

Sasa Baba hayupo. Ploti yetu imebomolewa, limepanda ghorofa lisilo na jua hata la kukaushia soksi, na pale tuliponyamazia sasa wanapita vijana wenye vitu masikioni, hawaoni mtaro wala mahindi. Mwanangu nami tunakula kila mmoja na simu yake. Hakuna anayenusa.

Lakini yule twiga. Chini ya tumbo lake kuna vidutu vidogo ambavyo siku zote nilidhani ni msasa haukupita vizuri. Safari hii nilivigusa nikiwa nimefunga macho yote mawili, na vilikuwa vimepangwa. Jumamosi nikamchukua mwanangu tukaenda Kware. Mwalimu bado yuko pale, orofa ya tatu, amezeeka, na mlango wake bado huuacha wazi kidogo. Nilimwambia mimi ni nani, akacheka. "Wewe ndiye ulipanda bila viatu," alisema. "Nilikusikia ukipumua."

Nikamtilia twiga mkononi. Akapitisha kidole chini ya tumbo mara moja, akarudia.

"Imeandikwa, *Umeona nini?*"

Mwanangu akanitazama aone nitasema nini. Mwalimu akaniambia kwamba kwenye meza ileile, siku niliyopanda, Baba alikuwa amesoma neno lake la kwanza kwa vidole, na mimi nikasimama mlangoni nikatazama mikono. Nilikuona ukitabasamu, Baba. Hilo ndilo nililoliona, na hilo ndilo nililopaswa kumwambia Mama.