Majivu ya Anyesi Yaliyopaushwa na Jua

Saa mbili asubuhi, Anyesi Matonya anafungua steshenari yake ya mtaa wa Area D mjini, anafuta kioo cha mashine na kuanza kujisifu mbele ya mwandishi hata salamu hazijaisha.

"Miaka sita niko hapa, hakuna karatasi iliyowahi kurudishwa. Andika hivyo hivyo."

Siri yake imebandikwa ukutani, mkabala na mlango: karatasi yenye visanduku vinne vya kijivu, kuanzia kilichofifia hadi kilichokolea. Amevipa majina mwenyewe: unga wa uwele, vumbi, majivu, masizi. Nakala yoyote ngumu huilinganisha navyo.

"Kukoleza tu hata mbuzi anaweza," anasema. "Ukizidisha, karatasi yote inakuwa sufuria la msibani. Muhuri unatakiwa ufike majivu, karatasi ibaki nyeupe."

Mteja wa kwanza ni Raheli, binti aliyetoka Mlali na gari la alfajiri. Chuo cha uuguzi kinataka nakala ya cheti chake cha kuzaliwa kabla ya saa sita, tena muhuri uonekane. La sivyo, nafasi anapewa mwingine. Muhuri wenyewe ni wa bluu iliyochoka, kama uligongwa na mtu aliyesusa.

Anyesi anaskani, anachapa, analinganisha na ukuta. "Majivu hayo! Nenda mdogo wangu."

Saa nne Raheli amerudi, anahema.

"Dada Anyesi, wameikataa. Muhuri hawauoni."

"Hawana miwani hao!"

Anairudisha nakala ukutani. Inafanana na majivu kabisa. Raheli ndiye anayesogeza kalenda iliyofunika nusu ya kila kisanduku.

"Dada, mbona majivu yako yana rangi mbili?"

Yaliyojificha chini ya kalenda yamekolea. Yaliyokuwa yakipigwa na jua la mlangoni yamepauka, yamekuwa vumbi. Anyesi anashika kiuno, kisha anacheka hadi anakaa.

"Kumbe miezi yote hii naongozwa na kipofu!"

Anachapa visanduku vipya, anarudi kwenye kompyuta na kukoleza kijivu cha kati peke yake. Jaribio la kwanza weusi unameza jina la baba. La pili, muhuri unatokea mpaka tarehe. Raheli anadandia bodaboda.

Anyesi hutoa kurasa kama mia tatu kwa siku, na zinazoharibika ni hasara yake. Hata hivyo, mwakani anataka kufungua tawi Bahi alikozaliwa, ambako watu hufunga safari hadi mjini kwa nakala moja.

"Bango nimeshalitunga: Kwa Anyesi, Karatasi Hairudi. Maana tangu nianze kazi hii, haki ya Mungu, haijawahi..."

"Hodi!" Raheli yuko mlangoni, meno yote nje. "Wamenipokea! Nimefuata cheti changu, dada, umekiacha ndani ya mashine."

Anyesi anafunua kifuniko. Cheti kimelala palepale kwenye kioo.

"Bango lako liandike tu," Raheli anasema akikipokea. "Karatasi kweli hairudi. Anayerudi ni mteja."