Mzee wa Reli na Barakoa ya Kuzamia

Mwaka ule wa corona, wageni walipoacha kuja mbugani, meneja wa hoteli moja ya Mikumi alituletea kituoni kwetu, kituo cha afya, barakoa tatu za kuzamia. Watalii walizisahau vyumbani wakiwa njiani kwenda kuangalia samaki Zanzibar. Zilifunika uso mzima, kioo mbele, na juu ya paji kulikuwa na tundu la mrija wa hewa. Mimi nilikuwa nesi wa zamu, na nilicheka. Wilaya nzima ya Kilosa haina bahari, tuzamie wapi, mtaroni?

Daktari wetu hakucheka. Alikuwa ameona kwenye simu wenzake wa nchi nyingine wakizigeuza zimsaidie mgonjwa kupumua pale mashine zinapokosekana. Akamwita fundi bomba. Fundi aling'oa mrija wa barakoa moja, akachonga kiungio kutoka mabaki ya mabomba ya maji, akakipachika pale kwenye tundu. Tukaunganisha mpira wa oksijeni na vali ndogo ya kubakiza mgandamizo kidogo wa hewa, mapafu yasisinyae. Tuliivaa wenyewe kwanza, mmoja baada ya mwingine. Ilivuja shavuni, fundi akakaza mikanda.

Mgonjwa wa kwanza kuivaa alikuwa mzee wa Kimamba, mstaafu wa reli, aliyeletwa akihema kama amekimbia kutoka kwao. Oksijeni ya kawaida haikumtosha, na gari la kumpeleka Morogoro lilikuwa na safari nyingine. Tulipomvisha ile ya kuzamia, namba ya oksijeni ya damu kwenye kibanio cha kidoleni ilipanda taratibu hadi tisini na mbili. Nilienda nyuma ya pazia nikalia kidogo.

Kesho yake asubuhi namba ikaanza kucheza. Inapanda, inaporomoka. Fundi akakagua kiungio, daktari akabadilisha mtungi, tatizo halionekani. Nikavuta kiti nikakaa kumtazama mzee.

Mfagizi akapita. "Shikamoo baba."

Mzee akainua barakoa kwa mikono miwili. "Marahaba mwanangu. Hamjambo nyumbani?" Akairudisha kombo.

Akapita mtu wa maabara na shikamoo yake. Barakoa juu tena. Kibanio kikapiga kelele: sabini na nane. Niliruka.

"Baba, usiitoe hiyo! Utakufa!"

Akaiinua ili anijibu. "Sasa mtu ananiamkia, nimnyamazie? Nina kiburi gani mimi?"

Hapo nikakumbuka kwamba hata mimi nilimwamkia nilipoingia zamu. Aliiinua, akaniitikia vizuri, nami nikafurahi kwamba mgonjwa wangu ana nguvu. Nilijiona mjinga wa kutupwa.

Nikachana boksi la dawa, nikaandika kwa maka peni: HAKUNA KUMWAMKIA MZEE HUYU. Nikabandika juu ya kitanda chake. Wodi nzima ilinichukia. Mama wa kitanda cha pili aliniuliza, "Nesi, umelelewa wapi wewe?" Binti wa mzee, aliyekuwa akichungulia dirishani kutoka nje, alilia kuliko siku walipomleta. "Mnampita baba yangu kama maiti," alisema.

Nilikuwa nimemweleza mzee sababu, naye alitikisa kichwa kukubali. Lakini kila tulipompita kimya alitufuata kwa macho nyuma ya kile kioo, akiuliza ametukosea nini. Iliniuma. Shikamoo ilinifika kooni mara kumi kwa siku, nikaimeza, nikamgusa mguu tu na kuangalia namba yake. Haikushuka tena.

Siku ya nne tulimvua barakoa, akabaki na mpira mdogo wa puani, na baada ya wiki akaruhusiwa. Nilimkuta kwenye benchi la nje, uso mtupu, viatu vimefungwa, binti yake pembeni na mfuko wa nguo. Nikapiga goti nimwamkie. Akaninyooshea kiganja, ninyamaze.

"Wewe mtoto umenidharau siku tatu nzima."

Nikainamisha kichwa.

"Mungu akuongezee jeuri hiyo hiyo," akasema, akanishika bega ili ainuke.