Tope Jeusi la Sinki Yetu

Nyumba yetu ya kwanza yenye sinki ilikuwa Kericho, miaka ya sitini, na kila mwezi bomba la maji machafu liliziba. Fundi, mtu mpole kutoka Kisii, alisukuma waya mrefu ndani, ukatoka na tope jeusi tititi. Nilichanganyikiwa. Sisi tulipikia stovu ya mafuta taa; mkaa ungetoka wapi? Nikamfokea: huu ni uchafu wa jirani, mrudishie! Mama yangu akaingia, akanimiminia mursik, maziwa yetu ya kibuyu kinachopakwa unga wa mkaa ndani. Nikanywa huku nikifoka. Mama akasuuza kibuyu kwenye sinki, maji yakashuka meusi. Fundi akaniuliza kwa adabu, "Bwana, na huyu mama ni wa jirani?"