Daftari Langu Lilipopanga Foleni ya Sukari

Leo nasimulia huku nacheka, lakini mjue kwamba karibu mwezi mzima baada ya siku ile nilikuwa natoka nyumbani kwa mlango wa uani, kichwa chini kama kuku aliyenyeshewa, ili nisionane na mtu yeyote wa mtaa wetu pale Kariakoo. Aibu niliyoipata sikutiwa na mtu, niliitafuta mwenyewe kwa mikono yangu na kalamu yangu.

Ilikuwa miaka ile ya foleni, sukari foleni, sabuni foleni, hata kiberiti foleni. Mimi, mtoto wa Songea niliyekuja mjini kutafuta maisha, nilikuwa karani wa ofisi moja kule Posta, na nikitoka kazini nilikuwa mwandishi wa riwaya (sijawahi kuchapishwa hata mstari mmoja, lakini mtaa mzima ulijua mimi ni mwandishi kwa sababu sikuacha kuwaambia). Chumba nilipanga kwa Bi Tatu, mama wa Kizaramo, mjane, mwenye jino moja la dhahabu na sauti ambayo akikuita uko Ilala unaitika. Sasa riwaya yangu ilihusu ulanguzi, na nilipotafuta mlanguzi wa kumtia ndani yake, uvivu ukaniambia, wa nini kuhangaika, si mwenye nyumba huyu hapa? Nikamchukua mzimamzima, na jino lake na sauti yake, kisha kwa akili zangu nyingi nikambadilisha jina nisije nikagundulika. Nikamwita Bi Nne.

Jumamosi moja ikasikika kwamba sukari imeingia duka la ushirika. Kufika nakuta foleni imeshapiga kona, na watu wenyewe hawapo, wameweka vitu kushika nafasi: kikapu, tofali, ndala moja, kopo. Mimi sikuwa na kitu ila daftari la riwaya. Nikaliweka chini, nikaligandamiza na jiwe, nikavuka barabara kwenda kunywa chai. (Kavu, kwani sukari si ndiyo tulikuwa tunaisubiri?)

Kurudi, watu wamejaa, na Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Mbwana, amesimama katikati na daftari langu mkononi. Alikuwa anapanga vitu kwenye mstari, akauliza daftari la nani, hakuna aliyejibu, akalifungua atafute jina. Juu ya jalada nilikuwa nimeandika USISOME kwa herufi kubwa, na sijui neno jingine linalomtamanisha mtu kusoma kama hilo. Akasoma, tena kwa sauti ya mkutano:

"'Bi Nne alicheka, jino lake la dhahabu likametameta. Chini ya kitanda chake, ndani ya sanduku la bati, ilikuwepo sukari ya kutosha mtaa mzima.'"

Mama mmoja akapaza sauti, "Bi Nne gani? Si Bi Tatu huyu kaongezewa moja!" Macho yote yakamgeukia Bi Tatu, aliyekuwa kwenye foleni hiyohiyo na kikapu chake.

"Nani mwenye daftari?" Balozi akauliza.

Hapo ndipo mwanamume angesema, ni langu. Mimi nilitikisa kichwa pamoja na wengine, nikasema, "Watu wabaya, jamani!"

Bi Tatu akatupa kikapu. "Sukari? Kwangu? Twendeni mkaangalie! Na asiyekuja ndiye aliyeandika!"

Nikaenda, ningefanyaje? Foleni nzima ilimfuata, ikajaa ukumbini mpaka uani. Chumbani mwa Bi Tatu sikuwahi kuingia hata siku moja, sanduku lile nililitunga tu kichwani, lakini Balozi akainama, akavuta kutoka uvunguni sanduku la bati, la kweli, na miaka ile mtu akikutwa na sukari uvunguni hakuulizwa maswali mengi. Nikaanza kuziamini hadithi zangu mwenyewe.

Akafungua. Khanga mpya doti moja. Chini ya khanga, karatasi, rundo zima, zimenyooshwa kwa pasi. Balozi akaiweka moja kando ya daftari, akatazama huku, akatazama kule, akanigeukia.

"Ndugu Kasiani, mwandiko huu si wako?"

"Ni wake," akasema Bi Tatu, sauti ndogo ambayo sikuijua. "Naziokota jalalani anapozitupa. Kule kisomo cha watu wazima tunasoma jembe, pamba, jembe, mwaka wa pili huu. Za huyu angalau watu wanagombana. Na nilijua kuwa Bi Nne ni mimi. Nilidhani huko mbele atanitafutia mume, kumbe ananitafutia jela."

"Mama, nisamehe, ni hadithi tu."

"Hadithi?" akafoka Balozi. "Watu wanakamatwa kwa maneno kama haya, Ndugu!"

Kabla sijajibu, mtu akaingia mbio kutoka nje. "Sukari imekwisha!" Sisi tukikagua uvungu, watu wa mtaa wa pili waliruka matofali na ndala zetu, wakanunua yote. Basi nyumba kumi zote zikanigeukia mimi. Mmoja akataka nimweleze kama wino unakorogeka kwenye chai.

Jioni nikabisha hodi chumbani kwa Bi Tatu. "Shikamoo, mama." Kwa mara ya kwanza hakuniitikia marahaba.

"Utahama," akasema. Nikainamisha kichwa. Nilipofika mlangoni akaniita. "Lakini umalize kwanza. Nataka kujua kama nafungwa."

Kitabu kile kilinichukua miaka miwili kukimaliza, na si kwa sababu kilikuwa kigumu; vyumba Kariakoo vilikuwa adimu kama sukari. Kila wiki nilimpelekea kurasa, naye akanirudishia zimesahihishwa kwa penseli. Hakufungwa, hilo alilihakikisha mwenyewe. Lakini nimeapa, sitamwandika tena mtu ninayelala chini ya paa lake. Siku hizi nikihitaji mwizi, mlevi au mlanguzi, nampa jina langu mwenyewe, na mpaka leo hakuna mtu aliyekuja kulalamika kwamba nimemsingizia Kasiani.