Kichwa cha Mkwe

Niacheni nikasirike. Tangu Wabelgiji walipokimbia, uchunguzi wa samaki wa mto wetu hapa Kisangani umebaki mikononi mwangu. Namvua samaki akiwa hai, namtilia kipande cha bati ndani ya shavu, namwachilia. Atakayemkamata arudishe bati, nijue samaki alisafiri mpaka wapi. Miezi imepita, hata bati moja halijarudi!

Jumapili nilifika kwa wakwe zangu, wavuvi wa maporomoko, nikiwa nimefura kwa hasira. Kama kawaida, mama mkwe alinipakulia vichwa vya samaki alivyonikaushia moshini wiki nzima. Vilikuwa vizima, maana kwao kichwa cha mkwe hakifunguliwi na mtu mwingine; ni kumvunjia heshima.

"Munakula bati zangu!" nikafoka, mdomo umejaa. "Munaharibu uhuru kuliko hata waasi! Inchi itaendelea namna gani, na watu wanaficha sayansi tumboni?"

Papa mkwe akainamisha macho. "Bokilo, mkwe wetu, siye hatuonake bati."

"Mwizi haonake kitu!" nikajibu. Nikamtupia mbwa mifupa chini ya meza, kama kila Jumapili, nikauma kichwa kingine.

Kra!

Nikatema mkononi. Bati langu, limejikunja, lina alama ya jino. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Mama mkwe akamtazama mbwa, kisha akanitazama mimi.

"Bokilo," akasema polepole, "vichwa yote inaendaka kwako. Siye tunakulaka mikia."