Chungu Chao, Mrija Wangu

Sisi Watwa, kabila dogo la wafinyanzi, ndio tuliofinyangia vyungu kilima kizima. Asubuhi moja, kule Burundi, mimi na mume wangu Bukuru tulikuwa bondeni tunachimba udongo, tunagombana nani kasahau jembe nyumbani. Jirani yetu Mzee Ngenda akapita, akaagiza chungu kikubwa cha pombe. Chungu chetu anakitaka! Lakini pombe ikiiva, wenyewe wanakizunguka na mirija yao. Sisi tunamiminiwa kwenye kibuyu chenye ufa, pembeni, kama mbwa. Hata mwaka ule wa uchaguzi, 1993, walikuja kuomba kura zetu, kisha wakaenda kunywa peke yao.

Rais aliyechaguliwa akauawa. Watu wakaanza kuchinjana.

Tulikimbia kundi moja na Ngenda na wajukuu zake. Karibu na mpaka maji yakatuishia. Wale watoto walikuwa hawalii tena.

Bukuru akabeba chungu chetu, akashuka mtoni, akarudi nacho kimejaa. Tukanywa sisi, wakanywa watoto, akanywa Ngenda, mdomo kwenye ukingo ule ule. Hakuulizia kibuyu.

"Hayajatosha, jamani," Bukuru akasema. Akashuka tena.

Risasi.

Nikakimbilia mtoni. Wenzangu wakanidaka, wakanizuia.

Sikumwona tena.

Tukafika makazi ya wakimbizi huku Mpanda, Tanzania, kwa ndugu waliotangulia zamani. Siku ya kuchagua wazee wa kijiji, pombe ya mtama ikawekwa katikati. Mimi nikaletewa kopo la bati, pembeni.

"Kaa huko, mke wa Bukuru," Ngenda akasema. "Nyie Watwa hamchagui. Tutawachagulia."

Nikasimama. "Mzee Ngenda, porini ulinyonya chungu changu kama ndama. Leo mdomo wangu umeota ukoma?"

Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka.

"Mume wangu amekufa akiwachotea maji wajukuu zako. Nipe mrija. Na mkono wangu mtauhesabu."

Ngenda akautoa mrija wake kinywani, akataka kuufuta kwa shati.

"Usiufute," nikamwambia.

Nikanywa. Kura zilipopigwa nikanyoosha mkono, ukahesabiwa. Leo wajukuu zangu hapa Makanyagio, mjini Mpanda, wanasimama mikutanoni wanasema. Atakayewaletea kopo, aje kwanza kwangu.

Bukuru hana kaburi. Mkono kuhesabiwa hakukumrudisha, na sisemi kwamba kulimlipia. Siku ile nilinywa fungu langu, kisha nikanywa na la kwake.