Piko ya Bibi Harusi

Jamani, hili mama yangu kule Lushoto hajalisikia na asilisikie, maana mpaka leo nikipita Ngamiani kuna muuza vitumbua mmoja huniita "Sista Oksijeni", nami naitika tu, nifanyeje.

Nilikuwa na miezi minne kazini, nesi wa chumba cha dharura katika hospitali moja hapa Tanga, sare imenyooka pasi hadi ukiigusa unakatika, najiona mimi ndiye mimi. Ijumaa moja asubuhi akaletwa binti anaitwa Rukia, bibi harusi, ndoa yake alasiri ile ile, amekanyaga kipande cha chupa uani kwao Chumbageni. Kidonda kidogo, cha kusafisha, nyuzi mbili, sindano ya pepopunda, aende zake akaolewe. Ameongozana na shangazi yake na wanawake kama sita wenye madera ya sare, na Rukia mwenyewe anaongea na simu huku anatafuna kashata.

Sasa kwetu kila anayeingia anapimwa presha, joto, na anabanwa kidole na kile kimashine kinachosoma oksijeni mwilini. Nikambana. Sitini na nane! (Kwa asiyejua, mtu mwenye afya husoma tisini na tano kwenda juu, sitini na nane ni mtu wa kukimbiliwa.) Nikabadilisha kidole, sitini na sita. Hapo ndipo nilipoponzeka, kwa kitu kidogo tu: badala ya kuinua macho nimtazame Rukia usoni, nimwulize hata neno moja, mimi nikaendelea kuitumbulia macho ile namba.

"Lala chini, usiongee!"

"Kwani nina nini?"

"Oksijeni imeshuka!"

Shangazi kusikia "imeshuka" akaangua kilio, wenzake wakakipokea, mmoja akapiga simu kwa kina bwana harusi, na mimi nimeshauburuta mtungi pekee wa oksijeni uliokuwa karibu, nimemvika Rukia barakoa juu ya kashata yake, nasukuma kitanda kama nasukuma gari bovu, kikagonga meza ya dawa, treya chini, pamba na mikasi sakafu nzima, na watu wa foleni ya nje wakajaa mlangoni. "Amekufa?" "Bado." Haukupita muda bwana harusi akaingia mbio, kanzu ameikunja kiunoni, ndevu upande mmoja zimenyolewa na upande wa pili zina povu.

Rukia akaivuta barakoa. "Sista."

"Nimesema usiongee!"

"Sista, mimi mzima. Yule baba pale ndiye anakufa."

Nikageuka. Kwenye benchi alikaa mzee mmoja wa Nguvumali, kaja peke yake, kimya anangoja zamu, kainama mbele mikono magotini, mabega yanapanda na kushuka, midomo imegeuka rangi ya jivu, hata neno moja hawezi kulitoa. Nilikuwa nimempita mara tatu. (Mara ya pili nilimwambia, Mungu anisamehe, "Mzee, sogeza miguu.")

Matroni akaingia wakati huo huo, kavutwa na makelele. Aliutoa mtungi kwa Rukia akaupeleka kwa mzee, akamwita daktari, akaniagiza dawa ya pumu ya kuvuta kwa mvuke, nami nikaileta mbio. Tulikaa naye hadi akaweza kusema, "Afadhali, mwanangu." Ndipo matroni akauinua mkono wa Rukia mbele ya kadamnasi.

"Upendo, hii nini?"

"Kucha, matroni."

"Zimepakwa nini?"

"Rangi... nyeusi."

Wale wanawake waliokuwa wakilia wakaanza kucheka, shangazi kwa sauti kuliko wote. Piko! Kucha kumi zote nyeusi tii. (Mimi Mlutheri wa milimani, bibi harusi wa kwetu akijikwatua sana ni mafuta ya mgando.) Matroni akakigeuza kimashine kikabana kidole kwa ubavu, kukwepa ukucha. Tisini na tisa.

"Hiki kinamulika kidole, na piko inazuia mwanga," akasema. "Kimashine kina sababu ya kukosea. Wewe una macho. Mtu anatafuna kashata na kubishana nawe, hiyo sitini na nane inatoka wapi?"

Bwana harusi akajifuta jasho, akauliza taratibu, "Kwa hiyo naoa?"

"Kanyoe upande wa pili kwanza," shangazi akamjibu.

Baada ya siku tatu mzee akaruhusiwa, nikamfuata wodini kumuaga. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ati, yule sista mwembamba aliyeniona nakufa yuko zamu leo? Nataka nimshukuru."

Nikamwambia yuko fungate.

Tangu hapo mgonjwa akiingia namtazama kwanza usoni, nasikiliza anavyopumua, namwuliza anajisikiaje, kisha ndipo nambana kidole, na namba isipofanana na mtu napima upya kwa njia nyingine kabla sijaamsha mji. Na kabla ya yote hayo napitisha macho kwenye benchi, kwa wale waliokaa kimya, maana wallahi (ndiyo, Mlutheri naapa hivyo, Tanga imenifundisha mengi) sitaki tena bibi harusi anifanyie kazi yangu.